Nakshi Inayoota Mstari kwa Mstari

Karatasi ya Zentangle, njia ya kuchora nakshi kwa utulivu, inaenea kiganjani. Ni mraba wa inchi 3.5, karibu sentimita 9 kila upande, mzito na mweupe, na wenye fani hii huuita kigae. Juu yake huchorwa nakshi kwa kalamu ya wino mweusi yenye mstari wa robo milimita.

Njia hii ilibuniwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waanzilishi wake ni Maria Thomas, fundi wa hati za mapambo, na Rick Roberts, ambaye aliwahi kuishi utawani. Maria alikuwa akijaza nakshi nyuma ya herufi kubwa, akamweleza mwenzake jinsi mawazo yalivyomtulia na muda ulivyompita bila habari. Rick akatambua kwamba anasimuliwa hali ya tafakuri. Wakatafuta namna ya kumfikisha huko mtu yeyote, hata asiyewahi kujiita mchoraji.

Nimeijaribu, na ninachokistahi zaidi ni hekima ya utaratibu wake. Kwanza unatulia na kushukuru. Unatia nukta za penseli kwenye pembe nne, unaziunganisha ziwe fremu, kisha ndani yake unapitisha mstari mwepesi wa kupindapinda uitwao uzi. Uzi huo unaigawa karatasi vyumba vichache, na woga wa karatasi tupu unaisha hapo hapo, wino haujagusa kitu bado.

Kila chumba hupewa nakshi yake. Chukua ile iitwayo Crescent Moon. Kandokando ya chumba unapanga nusu-miezi midogo, unaijaza wino hadi iwe myeusi tititi. Unauzungushia kila mmoja mstari mwembamba, karibu nao bila kuugusa. Kisha unafuata mstari mwingine kwa nje: unapanda mgongo wa mwezi huu, unashuka bondeni, unapanda mgongo wa jirani yake. Kadiri mistari inavyosogea katikati, chumba kinazidi kubana, mpaka pande zote zinakutana na pa kuchora hapapo tena. Hakuna tendo hata moja hapo linalomshinda mtoto wa darasa la kwanza. Uzuri wote uko katika nafasi inayoachwa kati ya mstari na mstari, na nafasi hiyo haitaki pupa. Mkono ukikimbia, mistari inagongana; ukienda polepole, pumzi nayo inatulia.

Nakshi iitwayo Hollibaugh ina ufundi wa namna nyingine. Ni mikanda inayopishana: kila mkanda mpya hukoma unapoufikia uliotangulia, ukaendelea ng'ambo ya pili kana kwamba umepita chini yake. Ukishajaza weusi kwenye mapengo, karatasi bapa inapata kina.

Ufutio haumo katika vifaa, wala rula. Mstari ukienda kombo, unaofuata huchorwa kwa kuufuata huo, na mara nyingi mchoro hupata sura ambayo mchoraji asingeipanga. Mwishoni penseli hurudi: unapaka kivuli pembeni mwa nakshi, unakisugua kwa kijiti cha karatasi iliyosokotwa, na mikanda inainuka. Unatia herufi za jina lako, kisha unakishika kigae kwa mbali kidogo na kukitazama vizuri. Kutazama huko ni hatua kamili ya kazi, sawa na kuchora.

Wengi wetu tuliacha kuchora utotoni kwa sababu ng'ombe wetu hakufanana na ng'ombe. Zentangle haina cha kufananishwa nacho. Kigae chenyewe hakina juu wala chini, na unaweza kukigeuza upande wowote ukaendelea. Anayesema hana kipawa ana kila sababu ya kuanza, kwa kuwa kinachodaiwa hapa ni subira ya kuumaliza mstari ulioshika kabla ya kuuwazia mwingine, na subira hiyo mkono hujifunza ukiwa kazini.