Kazi ya Kumtazama Ng'ombe

Ukaguzi mzuri wa shamba la ng'ombe wa maziwa huanza kwa kusimama tu. Mkaguzi aliyebobea akishaingia bandani hukaa pembeni, haulizi swali wala hafungui daftari. Anawaacha ng'ombe wamzoee, kisha anahesabu kwa macho: wangapi wamelala, wangapi wanacheua, wangapi wamesimama kwenye malazi yao bila kula wala kulala. Hao wa mwisho ndio wanaomshughulisha. Ng'ombe wa maziwa huhitaji kulala takriban saa 10 hadi 14 kwa siku. Anayesimama ilhali pa kulala papo ana sababu yake, na kuitafuta sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kazi hii imekomaa ndani ya mipango ya hiari ya kuthibitisha ubora wa maziwa na matunzo ya mifugo. Mpango mkubwa kuliko yote Marekani unaitwa FARM, nao ulianzishwa mwaka 2009 na National Milk Producers Federation, shirikisho la vyama vya ushirika vya wafugaji. Serikali haimlazimishi mtu kujiunga. Anayejiunga ni ushirika au kiwanda kinachonunua maziwa, na kikishajiunga, wafugaji wote wanaokiuzia hutembelewa na mkaguzi angalau mara moja kila miaka 3. Kwa njia hiyo karibu maziwa yote ya nchi ile yameingia katika mpango ambao sheria haikuuamuru. Masharti yake nayo yamekazwa kadiri miaka inavyopita. Kukata mikia ya ng'ombe, desturi iliyokuwa imeenea, kulipaswa kukoma kufikia tarehe 1 Januari 2017.

Hata hivyo, kanuni hazimtazami ng'ombe; mtu ndiye anayemtazama. Na jambo la kustahiwa katika mipango hii ni jinsi ilivyomlazimu mtu huyo kujifunza upya kutazama. Zamani mkaguzi alipima jengo: upana wa njia, idadi ya hori, urefu wa paa. Siku hizi swali la kwanza anaulizwa ng'ombe mwenyewe, kwa kuwa banda jipya la saruji linaweza kuwa na ng'ombe wanaochechemea, na banda la mabanzi likawa na ng'ombe wenye siha.

Chukua alama ya hali ya mwili, inayotolewa kuanzia 1 kwa aliyekonda mno hadi 5 kwa aliyenenepa kupita kiasi. Asiyejua hutazama mbavu. Fundi hutazama nyonga kutoka ubavuni. Hufuata kwa jicho mstari unaotoka kwenye ncha ya nyonga, ukashuka hadi kwenye kiungo cha paja, kisha ukapanda hadi kwenye mfupa wa makalio. Mstari ukikunjika kwa pembe kali kama herufi V, ng'ombe yuko kwenye 3 au chini yake. Ukiwa umeviringika kama U, amevuka 3. Baada ya hapo huangalia kama ncha za mifupa zimefunikwa na nyama au zimechongoka, na kama mashimo ya pande mbili za shina la mkia yamejaa au yamebonyea. Mtazamo huo huchukua sekunde chache, lakini unamweleza jinsi ng'ombe alivyolishwa kwa miezi kadhaa iliyopita. FARM hutaka katika kila ng'ombe 100, angalau 99 wapate alama 2 au zaidi.

Miguu ni migumu zaidi kuisoma, maana ng'ombe huficha maumivu. Kwa asili yeye ni mnyama wa kuwindwa, na anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Mkaguzi huchagua sakafu iliyo tambarare na isiyoteleza, akasimama ubavuni pa njia ng'ombe wanapotoka kukamuliwa. Kabla ya mguu, hutazama mgongo. Ng'ombe aliyesimama akiwa amenyooka, kisha akaupinda mgongo mara aanzapo kutembea, tayari ana kwato inayomsumbua, hata kama bado hajachechemea. Baadaye kichwa huanza kupanda na kushuka kila anapokanyaga, hatua hufupika, na mwisho mguu mmoja haugusi chini isipokuwa kwa lazima. Mfugaji anayewaona ng'ombe wake kila siku mara nyingi haoni mabadiliko haya, kwa vile yanakuja polepole. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutoka kwenye miguu mkaguzi hurudi kwenye malazi. Akiona viungo vya miguu ya nyuma vimenyonyoka manyoya au vimevimba, haandiki tu kidonda. Anakwenda kupiga magoti mahali ng'ombe anapolala. Magoti yake yakiumia, ng'ombe naye anaumia. Suruali yake ikilowa, kiwele nacho kinalala kwenye unyevu, na vijidudu vya ugonjwa wa kiwele vinapenda hapo. Sipati kipimo kingine kinachomweka mpimaji chini kiasi hicho.

Katika utafiti wa Ulaya uliojulikana kama Welfare Quality, wa kuanzia 2004 hadi 2009, kipo pia kipimo cha woga. Mpimaji husimama mita 2 mbele ya ng'ombe aliye kwenye hori, akamwendea kwa hatua moja kila sekunde, mkono mbele, mgongo wa kiganja ukimwelekea mnyama, bila kumkazia macho. Ng'ombe anapokiondoa kichwa, umbali kati ya mkono na pua hukadiriwa. Anayekubali kuguswa amezoea watu wasiompiga. Anayeruka nyuma mkono ukiwa bado mbali naye ametoa ushahidi juu ya wahudumu wake, ushahidi ambao hakuna kitabu cha kumbukumbu kingeuandika.

Maziwa nayo yana ufundi wake. Mwaka 1957 watafiti wawili wa California, Schalm na Noorlander, walieleza kipimo ambacho hadi leo hutumika kote duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Ni kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Maziwa kidogo hukamuliwa katika kila kikombe, dawa ya kiasi kilekile ikatiwa, na kibao kikazungushwa taratibu. Dawa hiyo hupasua chembe za kinga zinazojaa kwenye maziwa kiwele kinaposhambuliwa, na yaliyomo ndani yake huyafanya maziwa yagande kama uteute. Maziwa mazima hubaki majimaji. Mkono uliozoea huhisi uzito huo katika mzunguko wa kibao karibu sawia na macho yanapouona.

Hapo ndipo penye heshima ya kazi hii. Wachungaji wetu wamekuwa na jicho hilo tangu zamani; wapo wanaomtambua ng'ombe mgonjwa kwa namna anavyoinuka alfajiri. Walichoongeza wakaguzi ni kuligeuza jicho kuwa alama ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki. Wanafunzi wa ukaguzi hutazama picha na video, kisha huwapa ng'ombe walewale alama kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana. Halafu hulinganisha. Aliyetoa 2 na aliyetoa 3 hurudi kwa ng'ombe yuleyule wakabishana mpaka wajue nani ameona nini. Hurudia zoezi hili mara kwa mara, kwa sababu jicho nalo huzoea na kulegea: ukishinda katika mashamba yenye viwete wengi, kiwete mmoja huanza kuonekana mzima.

Mipango hii haikosi lawama, na si zote za uonevu. Mara nyingi anayekagua ameajiriwa na ushirika uleule unaonunua maziwa, ndiyo maana FARM hutuma watu wa nje kuhakiki sehemu ya mashamba. Imetokea kamera za siri zikafichua ukatili katika mashamba yaliyokuwa ndani ya mipango ya namna hii. Ziara ya siku moja katika miaka mitatu haiwezi kumlinda ng'ombe dhidi ya mhudumu katili wa usiku. Inachoweza ni kuona alama ambazo mwili wa ng'ombe haufichi: mifupa, mgongo, viungo, umbali wa pua na mkono. Lisiloonekana katika mwili linahitaji uongozi wa shamba ulio macho kila siku.

Kwa mfugaji wa Kiambu, Kenya, au wa Hai, Tanzania, mwenye ng'ombe wawili wanaolishwa nyasi za kukatwa bandani, cheti kama hiki bado kiko mbali, na maziwa mengi ya Kenya huuzwa moja kwa moja kwa majirani na wachuuzi bila kupita kiwandani. Lakini vipimo vyenyewe havihitaji mtambo. Nyonga ya kutazamwa ipo, sakafu ya kupigia magoti ipo, na kibao cha vikombe vinne ni kitu cha bei nafuu. Kasoro kubwa ya mabanda yetu mengi, ng'ombe kulala kwenye matope na mavi, hugunduliwa kwa goti moja.

Basi ushirika wowote wa maziwa unaofikiria kuanzisha mpango wake usianze na nembo wala sherehe ya kukabidhi vyeti. Uchague maafisa watatu, uwapeleke kwa ng'ombe mmoja, kila mmoja aandike alama zake bila kumsikiliza mwenzake. Zikitofautiana, warudi kujifunza. Zikilingana ng'ombe baada ya ng'ombe, shamba baada ya shamba, hapo cheti kichapishwe, kwa maana kitakuwa na kitu cha kushuhudia.