Tumbo la Gogo

Anayefungua shamba katika msitu wa Lubutu, mkoani Maniema, Kongo, hakosi magogo. Anachokosa ni mahali pa kuyapeleka. Miti huangushwa, matawi huachwa yakauke, moto hupita, kisha mpunga na muhogo hupandwa kati ya vigogo vyeusi ambavyo moto haukuviweza. Vingine hulala hapo miaka, mchwa wakivila taratibu, mwenye shamba akivizunguka kwa jembe. Kisangani iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ambayo mvua ikinyesha si barabara tena, kwa hiyo si kila mti mzuri utapata lori la kuubeba. Katika mabaki hayo fundi wa vinu na mabakuli hupata mali yake. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, kwa sababu wachonga sanamu wameshasifiwa vya kutosha na makumbusho ya Ulaya.

Kazi yake huanza kwa kukataa. Hugonga gogo kwa kisogo cha shoka na kusikiliza: lililooza ndani hujibu kwa sauti butu. Hutazama ncha zake, maana nyufa zikitoka katikati kama miale, sehemu ile haifai ila kuni. Uso uliounguzwa haumsumbui, mkaa huo hauingii ndani sana. Halafu huwaza ni mti gani. Mparasoli, unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa, ni laini na mwepesi. Ukiuchimba kinu utakula mbao pamoja na sombe, majani yako ya muhogo. Limbali, unaotawala misitu mizima huku, ni mgumu na mzito, tezo hulalamika. Mvule nao una hila yake. Ndani ya mbao yake huenda kumefichwa mawe halisi, chokaa iliyogandishwa na mti wenyewe, na makali yaliyonolewa asubuhi nzima hufa kwa pigo moja. Vumbi lake huwasha pua na macho. Hata hivyo hauozi upesi, na fundi husamehe.

Linalofuata wengi hawalioni, ingawa ndilo msingi wa ufundi wote: gogo litasimama au litalala? Kipande cha kinu husimama kama mti ulivyosimama, nyuzi zikitoka chini kwenda juu. Mchi ukishuka hukutana na ncha za nyuzi, na ncha huvumilia. Kingechongwa kwa kulazwa, kila pigo la mchi lingekuwa kabari ya kukipasua. Bakuli pana hutaka kinyume. Gogo hupasuliwa nusu kwa urefu, nyuzi zikilala kutoka ukingo hadi ukingo, na kiini, pale katikati ambapo mti ulikuwa mche, huondolewa kabisa. Bakuli lililobaki na kiini ukutani halina muda mrefu. Kinu hakina bahati hiyo, kwa kuwa kiini kimo katikati yake. Kuchimba kwenyewe hukiondoa, isipokuwa kitakoni. Ukikuta kinu kizee kinavujisha unga, kigeuze; mara nyingi ufa umeanzia hapo.

Kuchimba ni kazi ya shoka, kisha tezo fupi, kisha chuma kirefu kinachosukumwa kutoka juu pale mkono unapokwisha. Wengine hutia makaa katikati na kuyapuliza, wakazuia kuta zisishike moto kwa maji au tope, halafu hukwangua weusi na kurudia. Shimo haliendi wima. Hupungua kuelekea chini ili punje zilizoruka zirudi zenyewe chini ya mchi, la sivyo mtwangaji ataimaliza siku akikusanya badala ya kutwanga. Jambo hilo lina uzito Maniema. Mpunga uliletwa na watu wa misafara ya pwani, Waungwana wa zama za Tippu Tip, katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na lugha hii ninayoandikia. Ganda la mpunga hutoka zaidi kwa punje kusuguana na punje kuliko kwa nguvu ya mchi, na mwinamo wa ukuta ndio unaozisuguanisha. Mwinamo huo hakuna aliyeupima kwa rula. Upo machoni mwa fundi.

Kisha yanakuja maji yaliyomo mtini. Mti mbichi ukikauka hausinyai sawasawa: kwa kufuata duara za ukuaji husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Bakuli lililokuwa duara kamili litapinda lipende lisipende. Ndiyo maana huchimbwa likiwa bado bichi, kuta zikaachwa nene, likawekwa kivulini mbali na upepo, limefunikwa kwa majani ya mgomba au kupakwa tope. Haraka ya jua ndiyo muuaji. Umaliziaji sina mengi ya kusema juu yake. Mafuta na mikono hufanya sehemu kubwa. Walega, majirani wa kusini, wanalijua hilo: viti vyao vya kisumbi, vya chama cha Bwami kilichopigwa marufuku na Wabelgiji mwaka 1948, vilipata mng'ao wake kwa mafuta na kwa makalio ya vizazi.

Katika kumsifu fundi huyu sitaficha kwamba anapoteza. Tumbo lote la gogo hutoka vipande vipande na kuishia mekoni. Mahali pengine tumbo hilo huokolewa. Kule Bucklebury, Uingereza, George Lailey, aliyefariki mwaka 1958, alikereza magogo kwenye keezo, mashine ya kuzungushia mbao, la kukanyaga kwa mguu, na kwa visu virefu vilivyopinda alitoa bakuli ndani ya bakuli kutoka pande moja la mti, kubwa likizaa la kati, la kati likizaa dogo. Leo wakerezaji wa Marekani hufanya hivyo kwa mota na kisu cha nusu duara kinachozunguka kwenye mhimili wake. Baadhi yao hutumia magogo ya Fraxinus, miti ya jamii ya mzeituni inayokufa kwa mamilioni kwa sababu ya mdudu wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Nao ni waokoaji wa magogo kama huyu wetu. Tofauti ni kwamba kwao kilicho adimu ni mbao nzuri, na huku kilicho adimu ni chuma kizuri, mafuta ya jenereta na nguvu za mikono. Kila mmoja hubana alichopungukiwa.

Keezo si geni kwa Waswahili. Mafundi wa Lamu na Siyu walikereza miguu ya vitanda na kuipaka rangi muda mrefu kabla ya umeme. Seremala wa Lubutu mwenye jenereta na mota angeweza kulisimika, na ningefurahi aanze na nusu gogo la sentimita 60 lililoachwa shambani: kuta za sentimita 5 au 6, kisu kilichopinda, mabakuli matatu badala ya moja, yakauke miezi kadhaa kivulini, kisha yarudishwe kwenye keezo yanyooshwe. La kwanza lingetosha bugali wa harusi. Kinu asikiguse. Kuchimba kwa kina kwenye ncha za nyuzi hutetemesha kisu na kukirusha, na pande la mti wima lenye uzito ule lingeng'oa mhimili wa mashine ndogo. Kazi hiyo ibaki kwa tezo na kwa mtu anayejua kugonga gogo na kusikiliza.