Gereza Lilipoanguka, Wageni Wakapata Nafasi

Kumwingiza mhusika mpya katika msimu wa nne wa tamthilia ni kazi ngumu kuliko kumbuni. Watazamaji wameshachagua wanaowapenda, na ndani ya kundi kila jambo la maana limeshapata mwenyewe: kuamua ni kazi ya kiongozi, busara ni ya mzee, ushujaa ni wa yule mpiga upinde. Mgeni hupewa maelezo mazuri ya maisha yake ya nyuma, kisha husimamishwa nyuma ya wenzake kutikisa kichwa.

The Walking Dead, tamthilia ya manusura katika dunia iliyojaa wafu wanaotembea, ilifikia hatua hiyo Oktoba 2013, msimu wake wa nne ulipoanza kuonyeshwa na AMC ya Marekani. Bob Stookey, aliyeigizwa na Lawrence Gilliard Jr., aliingia katika sehemu ya kwanza ya msimu. Alikuwa tabibu wa jeshi na mlevi, na makundi mawili aliyopitia yalikuwa yameangamia akasalia yeye peke yake. Mtu wa namna hiyo angetosha kubeba hadithi nzima. Lakini ndani ya gereza walimoishi alikuwa mmoja wa wengi, na kwa miezi miwili tulichoshika kumhusu ni chupa yake.

Katika sehemu ya nane, iliyoonyeshwa tarehe 1 Desemba 2013, gereza lilivamiwa kwa kifaru, mzee Hershel akauawa, na kila aliyenusurika akakimbilia upande wake. Hilo peke yake si jipya, kwani tamthilia nyingi hutawanya watu wake na kuwakutanisha tena wiki inayofuata. Scott Gimple, aliyekuwa ameshika uongozi wa uandishi msimu huo, aliwaacha wametengana kwa muda mrefu. Mfululizo uliporudi Februari 2014 zilibaki sehemu nane, na hadi ya mwisho kabisa wapo ambao bado hawajaonana na wenzao.

Kipande ninachokiona kuwa bora kuliko vyote ni cha Glenn, mmoja wa waliokuwa wakiishi gerezani, na Tara. Tara alikuja na jeshi lililomuua Hershel, ambaye ni baba mkwe wa Glenn. Kama kundi lingebaki pamoja, mkutano wao ungekuwa kesi. Kiongozi Rick angehoji, Daryl, yule mpiga upinde, angenyanyua upinde wake, Maggie, mke wa Glenn, angelia, na Tara angebaki mshtakiwa anayejibu maswali. Badala yake Glenn anazinduka peke yake katika magofu na kumkuta Tara amejifungia nyuma ya wavu, amekata tamaa. Glenn ni dhaifu na anamtafuta mkewe. Anamwambia waziwazi kwamba anahitaji msaada wake. Hatia ya Tara inageuka kazi ya kufanya. Muda mfupi baadaye Glenn anazimia barabarani, na ni Tara anayewapiga wafu mpaka wa mwisho. Tunaanza kumjua kwa anayoyatenda pale ambapo hakuna mwingine wa kuyatenda.

Hapo ndipo nguvu ya mbinu hii ilipo, na wengi huitafuta mahali pengine. Husemwa kwamba kuwatenganisha wahusika kunampa mgeni dakika nyingi zaidi za kuonekana. Ni kweli, lakini dakika zenyewe hazimjengi mtu. Kinachomjenga ni kuondolewa kwa yule ambaye kwa kawaida angeamua kwa niaba yake, na kuwekwa karibu na mtu tunayemfahamu mwenye haja isiyosubiri. Haja ya Glenn ni Maggie. Anapokutana na Abraham Ford, mwanajeshi anayemsindikiza Eugene kwenda Washington kwa madai kwamba Eugene anajua tiba ya maradhi yanayowainua wafu, haja mbili zinagongana. Glenn anataka kurudi, Abraham anataka kusonga mbele. Wanapigana, na Eugene, katika kujaribu kuwafyatulia wafu risasi, analiharibu lori lao wenyewe. Katika tukio moja tumeshajua kwamba Abraham hawezi kusimama bila lengo, na kwamba Eugene hana mikono ya vita. Hakuna aliyelazimika kutueleza.

Bob naye alifufuliwa kwa njia hiyohiyo. Aliwekwa njiani na Maggie, anayetaka kumfuata mumewe hata kwa kufa, na Sasha, anayetaka wapate mahali salama watulie. Kila mmoja ana hoja. Bob yuko katikati, na akiwa hapo anatabasamu, jambo linalomshangaza Sasha. Ila sisi tumeonyeshwa mwanzoni mwa sehemu hiyo jinsi alivyokuwa akitembea barabarani peke yake kabla hajaokotwa, kwa hiyo tunaelewa furaha ya mtu ambaye safari hii hakubaki yeye tu. Anambusu Sasha, kisha anamfuata Maggie. Huo ni uamuzi, na ndani ya gereza hakuwahi kudaiwa uamuzi wowote wa uzito huo.

Mbinu ina gharama. Sehemu ya kumi iligawanywa kati ya makundi manne, na mara mbili tatu hadithi inamwacha mtu pale tulipokuwa tumeanza kumshika. Mwendo ulitulia baadaye, sehemu nzima ilipoachiwa Daryl na Beth, binti aliyekuwapo tangu 2011 bila kupewa mengi zaidi ya kuimba na kulea mtoto.

Kasoro kubwa zaidi ni Rosita Espinosa. Aliingia pamoja na Abraham na Eugene, katika kundi dogo, akiwa na muda wa kutosha mbele ya kamera. Lakini alitaka alichokitaka Abraham na alikwenda alikokwenda Abraham. Hakupewa wa kumpinga, wala mtu aliyemhitaji yeye hasa, kwa hiyo udogo wa kundi haukumsaidia chochote. Ilibidi Abraham afe mwanzoni mwa msimu wa saba. Ndipo Machi 2017 waandishi walipomtoa Rosita na kumpeleka peke yake na Sasha, mwanamke aliyependwa na Abraham huyohuyo, katika safari ya kwenda kumuua adui yao. Wakiwa wamejificha wakisubiri nafasi, Rosita anamsimulia Sasha jinsi alivyojifunza kila ujuzi alio nao kutoka kwa wanaume waliodhani wanamlinda, na jinsi alivyowaacha alipowazidi. Christian Serratos alikuwa ameigiza nafasi hiyo kwa miaka mitatu kabla ya kuandikiwa maneno hayo.