Mlango wa Mbio na Farasi Tuliyemsahau: Kukisoma Upya Kitabu "Al-Furusiyya" cha Ibn al-Qayyim

 

Kijana mmoja aliyepita katika darsa yangu miaka ya nyuma anafanya kazi ya kuhudumia farasi katika nchi mojawapo ya Ghuba. Aliniandikia swali. Katika zizi lao yuko farasi wa miaka mitano anayetayarishwa kwa mbio ndefu za jangwani. Farasi huyo ameanza mazoezi mwaka huu huu, na kila asubuhi kijana akipitisha mkono mguuni anakuta kano ya nyuma ya mguu wa mbele ina joto. Mwenye farasi anataka aingizwe mashindanoni kabla ya msimu kwisha. Kijana akauliza: mimi nikimtandika kwa amri ya tajiri wangu, nina dhambi?

Nilimjibu siku ya pili, tena kwa fahari kidogo. Nilifungua mlango wa mbio na kurusha mishale katika Matn ya Abu Shuja', nikampangia masharti: umbali ujulikane, na dau likitolewa na mmoja wa washindani ni halali, ama wakitoa wote wawili basi haijuzu mpaka waingize muhallil, yaani mshindani wa tatu asiyeweka kitu, akishinda anachukua na akishindwa hatoi. Nikamtajia na ikhtilafu iliyomo. Alinishukuru kwa adabu, kisha akaongeza mstari mmoja: "Sheikh wangu, mimi nimekuuliza habari ya mguu."

Nimekiri kosa langu, na makala haya ni matunda ya kukiri huko. Niliporudi kwenye rafu kuutafuta huo mguu, kitabu cha kwanza kukishika kilikuwa Al-Furusiyya cha Imam Ibn al-Qayyim al-Jawziyya (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350), kwa kuwa ndicho kila mmoja wetu hukitaja panapotajwa farasi katika fiqhi. Nimekisoma upya toka mwanzo hadi mwisho nikiwa na swali la kijana mkononi. Ninayoyasema hapa ni ya mtu anayempenda mwandishi na kumwona kuwa bahari, lakini mapenzi hayatuzuii kusema bahari hii ina samaki gani na haina gani.

Kilicho bora humo ni suala la muhallil, na ndilo lililochukua sehemu kubwa ya kitabu. Hadithi inayotegemewa na wanaoshurutisha muhallil ni ile ya Abu Hurayra (R.A.) aliyoipokea Abu Daud na wengineo kwa njia ya Sufyan bin Husayn kutoka kwa Zuhri. Ibn al-Qayyim anaipekua isnadi hiyo kama sonara apekuavyo dhahabu. Anaonyesha udhaifu wa Sufyan hasa anapopokea kwa Zuhri, na kwamba maneno yale asili yake ni kauli ya Tabii Said bin al-Musayyab, si ya Mtume (S.A.W.). Anayetaka kujifunza elimu ya ila za Hadithi kwa mfano mmoja uliokamilika, na akae na kurasa hizo. Msimamo huo, ambao ni wa sheikh wake Ibn Taymiyya, ulimletea taabu. Ibn Kathir, sahibu yake, ameeleza katika matukio ya mwaka 746 Hijria kwamba Ibn al-Qayyim alikuwa akiwatolea fatwa hiyo baadhi ya Waturuki, akaitwa na Kadhi Mkuu wa Kishafi'i wa Damascus, Taqi al-Din al-Subki, na jambo likaisha kwa yeye kudhihirisha kuafikiana na jumhuri.

Msomaji asilipite hilo la Waturuki. Waturuki wale ndio askari wa dola ya Mamluki, watu walioishi juu ya migongo ya farasi. Walipomwendea mwanachuoni hawakwenda kujifunza namna ya kumlea farasi, kwani hilo walilijua kuliko yeye. Walitaka kujua hukumu ya dau. Kwa hiyo kitabu kiliandikwa kwa watu waliokuwa na nusu ya kwanza ya elimu, kikawapa nusu ya pili. Sisi tumepokea nusu hii ya pili bila ya ile ya kwanza. Hapa pwani yetu mbung'o na maradhi vimewafanya farasi wawe wachache tangu zamani. Lamu wanao punda, na mbio za punda wakati wa Maulidi, lakini sijapata kumwona mwalimu akimleta hata punda huyo katika darsa ya mlango wa mbio. Tunahifadhi muhallil, tunafunga kitabu.

Kasoro ya kitabu, basi, ni kwamba mwandishi anagawa furusiyya mafungu manne (kupanda farasi na kushambulia naye, upinde, mkuki na upanga), lakini farasi mwenyewe haelezwi anatayarishwa vipi mpaka akaweza kazi hiyo. Ibn al-Qayyim anaitaja Hadithi ya mbio za Madina kama hoja yake juu ya dau. Neno lililobeba maana yote ya matayarisho analipita kwa haraka.

Neno hilo ni tadhmir. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa tadhmir kutoka Hafyaa hadi Thaniyyat al-Wadaa, na wasiofanyiwa akawashindanisha kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Wapokezi wamekadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na wengine sita au saba. Ya pili ni maili moja tu. Tuutazame mpango huo vizuri: mji ni mmoja, siku ni za zama moja, na farasi wote ni wa Waislamu, lakini farasi aliyetayarishwa anapewa masafa mara sita ya yule asiyetayarishwa. Na Abu Daud amepokea tena kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapa farasi walio qurrah masafa ya mbali zaidi. Qarih kwa Waarabu ni farasi aliyetimiza miaka mitano na meno yake kukamilika. Kabla ya hapo walimwita hawli akiwa wa mwaka, jadha' wa miwili, thani wa mitatu, rabaa' wa minne. Watu wenye jina mahsusi kwa kila mwaka wa mnyama ni watu waliojua kungoja. (Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbiza siku ile. Katika riwaya ya Muslim anasimulia kwamba alitangulia, na farasi wake akampitiliza naye msikitini. Huyo ni katika wale wa maili moja!)

Tadhmir inafanywaje? Ibn Hajar katika Fat-h al-Bari anaeleza kwamba farasi hulishwa mpaka anenepe na kupata nguvu, kisha chakula hupunguzwa kwa kiasi cha kumtosha, huingizwa nyumbani na kufunikwa matandiko mpaka apate joto na atoke jasho. Jasho likikauka, nyama yake hupungua na huwa mwepesi wa kukimbia. Mwanalugha al-Jawhari katika al-Sihah ameweka muda wake kuwa siku arobaini, na kwamba muda huo huitwa midhmar, na mahali pake pia huitwa midhmar. Kwa hiyo neno ambalo leo Waarabu hulitumia kwa uwanja wa mashindano lilikuwa pia jina la muda wa kungoja. Nawawi naye, anapoisherehesha Hadithi hii, anasema kuruhusiwa kwa mbio na kwa tadhmir ni jambo la ijmaa, kwa maslahi yaliyomo ya kuwazoesha farasi kukimbia.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwani nimewahi kusikia mtu akiyasimulia matandiko na jasho kana kwamba ni ibada. Siyo. Hadithi imethibitisha tadhmir. Namna ya kuitenda ni maelezo ya wanavyuoni juu ya desturi ya watu wao. Leo inajulikana kwamba farasi akitokwa jasho chini ya mablanketi anachopoteza ni maji na chumvi, wala si mafuta, na katika nchi ya joto jambo hilo linaweza kumdhuru. Kinachofuatwa ni makusudio: kumjenga mnyama hatua kwa hatua, chakula kikienda sambamba na kazi, mpaka mwili wake uwe unaiweza kazi anayopewa.

Na huko kuweza kuna mpangilio wake. Pumzi na misuli ya farasi hupata nguvu ndani ya miezi michache ya mazoezi. Kano na mifupa huchelewa, huchukua mwaka na kupita. Mifupa ya uti wa mgongo, palipo na tandiko na mpandaji, ni ya mwisho kukomaa, na huvuka mwaka wa tano. Hatari basi iko katikati: farasi anaonekana ana pumzi, anaomba kukimbia, moyo unarudi haraka baada ya kazi, na mwenye farasi anadhani yuko tayari, hali kano zake bado. Ndiyo maana waandazi wazuri wa mbio ndefu huutumia mwaka wa kwanza kwa mwendo wa polepole na masafa yanayoongezeka kidogo kidogo. Mbio kali huja baadaye. Kanuni za kimataifa zinataka farasi wa mashindano ya kilomita 160 awe ametimiza miaka minane. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimkumbuka qarih.

Wenyewe wa fani, waliokuwa Waislamu, walikwisha kuandika juu ya malezi haya. Ibn Akhi Hizam wa zama za Bani Abbas, karne ya 3 Hijria, alitaka hata mpandaji aanze juu ya farasi asiye na tandiko mpaka akae imara, ndipo apewe tandiko. Naye Abu Bakr bin Badr, tabibu wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad bin Qalawun huko Cairo (Sultani huyo alifariki mwaka 741 Hijria, 1341), aliandika kitabu kikubwa kinachojulikana kwa jina la al-Nasiri juu ya malezi, mafunzo na maradhi ya farasi. Huyu aliishi zama moja na Ibn al-Qayyim, chini ya dola moja. Wafaransa wamekifasiri kitabu chake tangu katikati ya karne ya 19. Katika maktaba zetu za madrasa, Al-Furusiyya kipo. Al-Nasiri sijakiona hata kimoja. Lau vitabu viwili hivi vingesomwa pamoja, nisingemjibu kijana yule nilivyomjibu.

Hili si jambo la kale. Mwezi wa Machi 2015, Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilisimamisha uanachama wa shirikisho la Imarati kwa sababu ya hali ya farasi katika mbio ndefu, wakiwamo waliovunjika miguu, na likaurudisha mwezi wa Julai mwaka huo baada ya makubaliano. Mashindano hayo yana vituo ambapo madaktari huzuia farasi kuendelea mpaka mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika, na hata hivyo yakatokea yaliyotokea, kwani moyo hupimika kituoni, lakini mfupa uliochoka hauonekani kwa mkono. Niliyaona majadiliano ya wakati ule. Waliosema walikuwa waandishi wa michezo na madaktari wa wanyama. Kwetu sisi wa vilemba sikusikia kitu, isipokuwa fatwa za zawadi na dau.

Tena jibu lilikuwamo katika kitabu kile kile kidogo nilichomfungulia kijana. Abu Shuja' katika mlango wa nafaqa, ambao mwanafunzi huusoma kabla hajafika kwenye mbio, ameweka kwamba kuwalisha wanyama ni wajibu na kwamba hawakalifishwi kazi wasiyoiweza. Tumezoea kuufahamu uwezo huo kwa mzigo: magunia mangapi punda atabeba. Lakini Hadithi ya Hafyaa inatufundisha kuwa uwezo wa mnyama si kitu kilichosimama pamoja na umbo lake. Maili sita ni uwezo wa aliyetayarishwa, na maili moja ni uwezo wa ambaye hakutayarishwa, hata wakiwa ndugu wa mama mmoja. Anayempeleka wa pili kwenye masafa ya wa kwanza amemkalifisha asichokiweza, dau liwe halali au haramu, muhallil awepo au asiwepo. Hii ndiyo fahamu yangu, na atakayeona kosa anisahihishe. Ibn al-Qayyim alikuwa na Hadithi hiyo mbele yake, na naamini angeifikia natija hii kwa kurasa bora kuliko zangu kama Waturuki wake wangemuuliza habari ya mguu.

Nilimwandikia kijana upya. Nilimwambia kwamba kauli ya tabibu wa wanyama ni kauli ya watu wa fani, na mafakihi huirejea katika mambo kama haya. Basi aombe farasi apimwe, na aiseme joto ya kano mbele ya tajiri bila kuficha. Ikithibiti kuwa kumpanda kunamdhuru, asimtandike, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Nikamkumbusha pia Hadithi ya Muslim ya bibi Aisha (R.A.) alipompanda ngamia mgumu akawa anamrudisha huku na huku, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha upole. Ikiwa ngamia mkaidi anastahiki upole, mwenye maumivu anastahiki zaidi.

Amejibu juzi. Daktari alikuja, kano imepigwa picha, na farasi ameondolewa katika orodha ya msimu huu. Kazi ya kijana sasa ni kumtembeza kwa hatamu, asubuhi na jioni, kwa miezi. Tajiri hakufurahi, anasema, na mshahara wa mwezi uliopita bado hajaupata.