Nyota Changa Hupeleka Wapi Mzunguko Wake?

Wingu la gesi linalozaa nyota kama Jua hujizungusha polepole mno. Duru moja huchukua mamilioni ya miaka. Likisinyaa, kasi hupanda, kwa kuwa momenta ya mzunguko (masi mara kasi mara umbali kutoka kwenye mhimili) haipotei yenyewe. Lazima ipokewe na kitu kingine. Isipopokewa, gesi hukwama ikiwa na upana wa mamia ya vizio astronomia (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), na nyota haizaliwi.

Mpokeaji wa kwanza hufikiwa kwa njia ya sumaku. Gesi hiyo ni baridi, ila chembe chache zenye chaji, zao la miale ya kosmiki, hutosha kuifunga kwenye uga sumaku. Kiini cha wingu kikizunguka, mistari ya uga husokoteka kama mpira uliopindwa, na msokoto husafiri hadi gesi ya nje. Gesi ya nje huanza kuzunguka, kiini hupungua kasi. Telemachos Mouschovias na Evan Paleologou walilipigia hesabu jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha tatizo likageuka: hesabu za kompyuta zilizochukulia kwamba gesi haibanduki kamwe kwenye uga zilitoa breki kali kiasi cha kuizuia diski, yaani sahani ya gesi inayoizunguka nyota changa, isiundike. Na diski tunaziona! Basi kwenye msongamano mkubwa, ambako chaji huadimika, gesi huteleza na kuuacha uga nyuma.

Mzunguko uliosalia huwa mali ya diski. Mwaka 2017, timu ya Chin-Fei Lee ilielekeza ALMA, darubini ya redio iliyoko Chile, kwenye HH 212, mfumo wa nyota changa katika kundinyota la Jabari. Ndani ya mkondo mwembamba wa gesi unaofyatuka kutoka kwa nyota hiyo changa, upande mmoja ulikuwa ukitujia na wa pili ukitukimbia. Mkondo unazunguka, kwa mwelekeo uleule wa diski. Kasi hiyo ilionyesha kwamba umerushwa kutoka kwenye diski, umbali wa takriban kizio astronomia 0.05 tu toka kwa nyota. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: mzunguko umenaswa ukiwa njiani kutoka.

Lakini mkondo huo huhudumia ukingo wa ndani wa diski tu. Kwa sehemu pana ya diski, Steven Balbus na John Hawley walionyesha mwaka 1991 kwamba hata sumaku dhaifu huweza kuivuruga gesi, na msukosuko huo ukasukuma momenta kuelekea nje. Hata hivyo, vipimo vya ALMA katika diski ya nyota changa HD 163296 vimekuta msukosuko hafifu mno. Ndiyo maana naegemea wazo kwamba huko mzunguko huondolewa na upepo wa sumaku unaopanda kutoka kwenye nyuso za diski yenyewe.