Walimu Kuwapima Walimu: Mpango wa Toledo Ulivyosukwa

Mwaka 1981, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, chama cha walimu kilikubali jambo ambalo vyama vingi vingelikataa bila hata kulijadili. Walimu wenyewe wangewalea wenzao wapya, na wao ndio wangependekeza nani abaki kazini na nani aondoke. Kiongozi wa chama, Dal Lawrence, alikuwa ameliweka wazo hilo mezani tangu 1973. Uongozi wa wilaya ya shule za mji ulipolikubali hatimaye ulitoa sharti: mpango uwaguse pia walimu wa siku nyingi ambao kazi imewashinda. Chama kikaridhia.

Kabla ya hapo mwalimu mpya alipimwa na mkuu wa shule. Mtu huyo ana bajeti, wazazi na utoro wa kushughulikia, na pengine hajawahi kufundisha somo la anayempima. Huingia darasani kwa muda mfupi, hujaza fomu, hutoka.

Toledo ilianza na muda. Mwalimu mshauri, mwenye uzoefu usiopungua miaka 5, huondolewa vipindi vyote na kukabidhiwa walimu wapya kumi hivi, wa somo lake au ngazi yake inapowezekana. Hufanya kazi hiyo miaka 3, kisha anarudi kufundisha. Sharti hilo la kurudi nalithamini kuliko yote, kwa sababu linamzuia mshauri asigeuke mkaguzi wa kudumu aliyesahau vumbi la chaki.

Mapendekezo yake hayaishii kwake. Hupelekwa mbele ya bodi ya watu 9, watano wa chama na wanne wa utawala, na uamuzi unahitaji kura 6. Piga hesabu uone: chama peke yake hakifiki, utawala peke yake haufiki. Hakuna kijana anayeweza kuachishwa kazi kwa chuki ya mkuu wa shule, wala kubakizwa kwa sababu tu ni mwanachama.

Ndani ya darasa kazi yenyewe ni ya subira. Tuseme mshauri ameketi nyuma na daftari. Haandiki "usimamizi hafifu". Anaandika saa na tukio. Kengele imelia saa 2:00. Saa 2:09 karatasi bado zinagawiwa. Maswali manne ya kwanza yamejibiwa na wanafunzi walewale wawili wa dawati la mbele. Baada ya kipindi wanakaa pamoja na ukurasa huo, na mwalimu mpya mwenyewe anaona dakika zake zilipopotelea. Wiki inayofuata wanapanga karatasi ziwe juu ya madawati kabla ya kengele, na mshauri anarudi kuangalia.

Lakini je, kijana atamfunulia udhaifu wake mtu anayeweza kuandika aachishwe kazi? Mradi ulioanzishwa Santa Cruz, California, mwaka 1988 chini ya Ellen Moir ulijibu kwa kutenganisha mambo hayo: mlezi husaidia tu, hukumu ni ya wengine, na siri za darasani hubaki kati yao wawili. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo mimi naegemea Toledo. Aliyemwona mwalimu mara nyingi, akamsaidia, akaona kama anabadilika, ndiye mwenye ushahidi. Kumnyamazisha ni kumrudishia hukumu yule aliyepita mara mbili na fomu.

Kuhusu matokeo, serikali ya Marekani iligharimia utafiti katika wilaya 17, shule zikagawanywa kwa bahati nasibu. Mifumo iliyojaribiwa ilikuwa ya malezi bila hukumu, ule wa Santa Cruz ukiwa mmojawapo. Malezi ya mwaka 1 hayakuinua alama za wanafunzi. Pale yalipoendelea miaka 2, tofauti ilionekana mwaka wa tatu: mwanafunzi wa katikati, wa 50 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, alipanda hadi sawa na nafasi ya 54 katika kusoma na ya 58 katika hisabati. Ndiyo maana siukubali utaratibu wa kumlea mwalimu mwaka mmoja na kumwacha pale mbegu inapoanza kuchipua. Kuhusu walimu kuacha kazi, utafiti haukuona tofauti yoyote kwa mwaka 1 wala kwa miaka 2, na wilaya inayotaka kuwazuia wasiondoke itabidi iangalie pia mishahara na idadi ya wanafunzi darasani.