Rais Haulizi Nauli: Hadhira ya Bagamoyo na Filamu ya Royal Tour

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi. Filamu za kutembeza wageni tunawaachia watu wa utalii, kana kwamba hazina msimulizi, hazina wahusika, wala hadhira. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Tunakusudia kuitazama filamu ya Tanzania: The Royal Tour kama kazi ya masimulizi, na kuipima kwa kipimo ambacho fasihi simulizi imetufundisha tangu mwaka wa kwanza: fanani alipomaliza, hadhira ilisema nini?

Filamu hii ilirekodiwa mwaka 2021, ikazinduliwa New York tarehe 18 Aprili 2022, kisha Arusha tarehe 28 mwezi huohuo. Ni moja katika mfululizo wa mwandishi wa habari za safari wa Marekani, Peter Greenberg, ambaye huwaomba wakuu wa nchi wamtembeze katika nchi zao. Kabla yetu walikwishamtembeza Mfalme Abdullah wa Jordan na Rais Kagame wa Rwanda, miongoni mwa wengine. Kwetu mwenyeji ni Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe. Mgeni anaonyeshwa Serengeti, Ngorongoro, Zanzibar, machimbo ya tanzanite, na Bagamoyo pia imo.

Mimi nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa bwenini Mlimani, watu saba tukigombania kompyuta moja. Mara ya pili ilikuwa nyumbani Bagamoyo, kata ya Dunda, sebuleni kwa shangazi yangu, pamoja na majirani. Maoni niliyoyaandika daftarini usiku ule wa pili ndiyo uti wa mgongo wa makala haya. Majina ya wasemaji nimeyaacha, kwani wale walikuwa wanaongea tu, hawakuwa wanahojiwa.

Kufaulu kwa filamu

Mhakiki asiyeona jema si mhakiki, ni msengenyaji. Basi tuanze na sifa.

Kwa upande wa fani, kumfanya Rais kuwa mwongozaji ni mbinu yenye nguvu. Katika simulizi zetu fanani ni mtu anayejulikana na hadhira, na maneno yake yana uzito kwa sababu ya alivyo. Mgeni akielezwa habari za nchi na mwenye dhamana ya nchi, anasikiliza kwa sikio jingine. Aidha, kumwona Rais akishika usukani wa gari mbugani kuliwafurahisha majirani zetu kuliko simba wote. Mama mmoja alipiga kigelegele. Kigelegele nacho ni uhakiki.

Wakati nao ulidai kitu cha namna hii. Mwaka 2019 watalii wa kimataifa walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Ugonjwa wa Uviko-19 ukaikata idadi hiyo, na mwaka 2021 walikuwa 922,692. Mwaka 2022 walipanda hadi 1,454,920, na mwaka 2023 wakafika 1,808,205. Wapo wanaosema filamu ndiyo iliyoleta watu wote hawa. Hapo tuwe waangalifu. Dunia nzima ilikuwa inafunguka baada ya maradhi, na mwaka wa uzinduzi wenyewe hatukuwa tumeifikia bado idadi ya 2019. Lakini kwamba filamu ilisaidia kulitangaza jina la nchi, hilo halina ubishi.

Hadhira ilisema nini

Sasa twende sebuleni. Filamu ilipokwisha, wa kwanza kusema alikuwa mtoto wa dada yangu, darasa la tatu. Aliuliza, "Mbona hawajaogelea?" Watu wakacheka. Yeye kwake safari maana yake ni yale mabomba ya kuteleza ya Kunduchi Wet 'n' Wild, ambayo ameyaona kwa nje tu, basi letu likipita.

Wa pili alikuwa shangazi, ambaye ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa mjini. Alisema, "Wamekula wapi? Wamelala wapi? Mimi nimengoja wafike jikoni, hawakufika." Kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau: "Hawa wageni wetu ni wageni wa saa tatu. Wanashuka kwenye gari, wanapiga picha, wanarudi Dar. Sahani zangu haziwajui."

Mwalimu mmoja wa sekondari alitaka kujua kiingilio cha wanafunzi ni shilingi ngapi, na kama mtu akifika Jumapili atamkuta wa kumfungulia. Kijana wa bodaboda akasema angependa wageni waambiwe habari ya maji kupwa na kujaa, "maana mtu anakuja kutafuta bahari anakuta matope, anasema Bagamoyo mbaya."

Mwisho alisema mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote. "Wametuonyesha kwamba nchi ni nzuri. Sawa. Lakini hakuna aliyeuliza njia." Hapo ndipo nilipopata hoja ya makala haya.

Fani: safari isiyo na bibi kizee

Tuzikumbuke ngano zetu. Kijana anatoka kwao kwenda kutafuta kitu. Haendi moja kwa moja. Njiani hukutana na bibi kizee, mara nyingi mwenye vidonda au macho mabovu, anayemwambia: ukifika njia panda usishike ya kulia, ukiona chungu kinachemka bila moto usifunue. Bibi huyu si pambo. Bila yeye msikilizaji hawezi kuamini kwamba safari inawezekana. Anageuza ajabu kuwa maelekezo.

Kipindi chochote cha kupanga safari kina kazi hizohizo mbili: kushangaza na kuelekeza. Royal Tour imefaulu sana katika kazi ya kwanza. Katika ya pili imekwama, na sababu iko ndani ya mbinu yake yenyewe tuliyoisifu. Msafara wa Rais haupangi foleni. Rais haulizi nauli, hatafuti chumba, habishani na mpiga debe, wala haambiwi "njoo kesho, mwenye ufunguo hayupo". Kila mlango umekwishafunguliwa kabla hajafika. Kwa hiyo mtazamaji anaonyeshwa mahali, lakini haonyeshwi njia ya kufika.

Najua kuna watakaosema: wewe nawe, ile filamu ilitengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, nauli ya Kosta ya Makumbusho inawahusu nini? Hoja hii ina uzito, kwa kuwa kila kazi ina hadhira iliyolengwa. Lakini hata huyo Mmarekani anahitaji kujua kuwa masika ya Machi hadi Mei yatamlowesha, kwamba Bagamoyo iko kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, na kwamba siku moja haimtoshi. Asipoambiwa hayo atamwachia wakala ampangie, na mara nyingi wakala atampeleka Serengeti na Zanzibar. Sisi wa katikati atatuona kwa dirisha la ndege. Hayo ndiyo yanayozifanya sahani za shangazi zisijue wageni.

Mtangulizi tuliyemsahau

Kitu kinachouma ni kwamba Bagamoyo haikuhitaji kwenda mbali kutafuta kielelezo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda yetu hii karibu mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na huko alifariki mwaka 1927. Wengi wanamjua kwa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Velten mwaka 1903. Lakini katika mkusanyo mwingine wa Velten, Safari za Wasuaheli wa mwaka 1901, imo habari ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua, pamoja na habari za Wadoe na mila zao. Kichwa chake chenyewe kinataja njia na kinataja wenyeji. Yaani kwa msimulizi huyu, nchi bila watu wake haisimuliki.

Mimi nimekulia Dunda. Jina la Mtoro nimelisikia mara ya kwanza katika ukumbi wa mihadhara, Mlimani, nikiwa na miaka ishirini na moja. Kaole, ambayo iko kilomita chache kutoka kwetu, nilifika mwaka huohuo. Kwa hiyo lawama hii siitupi kwa watengenezaji wa filamu peke yao. Wao walikuja kwa siku chache. Sisi tuliokaa hapa miaka yote tulikuwa tunamwongoza nani?

Maudhui: jina lenye maana mbili

Kwa upande wa dhamira, Bagamoyo katika masimulizi ya utalii ina kazi moja: huzuni. Waongozaji wengi watakwambia jina linatokana na "bwaga moyo", kilio cha mtumwa anayeacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa. Hatukatai kwamba watumwa walipita hapa. Walipita, na mateso yao yasifutwe. Lakini lipo fasiri jingine, nalo wanahistoria kadhaa wanalipa uzito: wapagazi, hasa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa miezi mingi kutoka bara, walipofika hapa walibwaga mizigo na mioyo ikatulia. Kwa fasiri hili, jina ni la pumziko.

Msomaji makini ataona kuwa maana hizi mbili zinamtaka mgeni afanye mambo mawili tofauti. Mahali pa kilio unasimama, unainamisha kichwa, unaondoka. Mahali pa pumziko unatua mzigo, unaomba maji, unalala. Tukiwasimulia wageni kilio peke yake, tusishangae wakiwa wageni wa saa tatu. Tumewafundisha sisi wenyewe.

Mapendekezo

Kwanza, vipindi vijavyo vya namna hii vimpe mwongozaji mkuu msaidizi, bibi kizee wake. Rais afungue mlango, halafu mpishi, mvuvi au mwalimu aeleze kilichomo ndani.

Pili, kila mahali paambatane na mpango ambao mtu wa kawaida anaweza kuufuata. Kwa mfano: Jumamosi asubuhi panda Kosta Makumbusho, upite Tegeta na Bunju. Anza na Kaole kabla jua halijakali, uone mabaki ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mchana uzunguke Mji Mkongwe: Ngome Kongwe, Caravan Serai, na Boma la Wajerumani, ambao makao yao makuu yalikuwa hapa hadi 1891. Jioni uende soko la samaki, ule, ulale. Jumapili uende Misheni, iliyoanzishwa 1868, ambapo mwili wa Livingstone ulifikishwa Februari 1874 na Chuma, Susi na wenzao baada ya mwendo wa miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ukirudi, shuka Kunduchi. Mtoto ateleze kwenye maji mpaka achoke, kisha umwonyeshe magofu ya Kunduchi na makaburi yake ya nguzo. Mpango huu hauhitaji msafara, unahitaji mtu wa kuusema tu.

Tatu, zitajwe fasiri zote mbili za jina, mgeni aachiwe kuchagua.

Nne, na hili ndilo kubwa, hadhira ipewe nafasi ya kusema kabla kazi haijakamilika. Jambo hili si geni hapa. Miaka ya 1980, katika kijiji cha Msoga wilayani Bagamoyo, Penina Muhando na wenzake walifanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo: walikaa na wanakijiji, wakatafiti matatizo pamoja nao, wakaigiza, kisha onyesho likafuatwa na majadiliano. Mji wetu una chuo cha sanaa tangu 1981, leo kinaitwa TaSUBa, na tamasha lake lilianza 1982. Hadhira ya Bagamoyo imezoea jukwaa, inajua kukohoa pale pasipopendeza. Kwa nini filamu inayoihusu iifikie ikiwa imekwishapikwa na kupakuliwa?

Hitimisho

Kwa ujumla, Royal Tour ni kazi iliyofaulu kuita na ikashindwa kupokea. Imemwambia mgeni "karibu", lakini haikumwonyesha jamvi. Kasoro hiyo inarekebishika, na wa kuirekebisha si lazima watoke New York. Likizo hii mimi na wenzangu wawili tumeamua kuandika kikaratasi cha safari ya siku mbili Bagamoyo, kwa Kiswahili, chenye nauli, saa za maji kujaa na kupwa, na mahali pa kula. Tutakisoma kwa sauti sebuleni kwa shangazi kabla ya kukichapa. Yule mzee wa "hakuna aliyeuliza njia" amekwishasema atakuja, na ametuonya kwamba safari hii hatakaa kimya mpaka mwisho.

Wasomaji mlioiona filamu mkawa na maoni mengine, uwanja ni wenu. Tupingeni.